Zoezi la Sita la Bi Mardhiya

Likizo ya Juni niliteuliwa, kwa kauli moja ya watu wawili, kuwa mlinzi wa ubongo wa bibi yangu. Watu wenyewe ni mama, aliyekuwa na kazi huko Tunguu, nje ya mji, na Dokta Tasneem, aliyekuwa na kalamu.

Dokta alimpima bibi presha, sukari, masikio, hata akamuuliza analalaje. Kisha akamwandikia mpango wake peke yake. Bwana Mansour wa ghorofa ya chini alikuwa na mwengine: aache sigara, apunguze tumbo. Wa bibi ulikuwa na mazoezi matano. Atembee kila asubuhi hadi mtaa wa Malindi na kurudi. Asiguse achari. Avae vifaa vya masikio. Azime televisheni saa tatu usiku. Na ashone kofia kwa maua asiyoyajua, yeye aliyeshona maua yaleyale miaka arubaini.

"Siahidi kitu, Bi Mardhiya," Dokta alisema. "Lakini tukiyashika haya, huenda tukauchelewesha usahaulifu. Ubongo unapenda kutafuta."

Unapenda kutafuta! Mimi Ulfat, kidato cha tatu, niliyewahi kulifanya bweni zima lipige pasi sare kwa ajili ya mkaguzi ambaye hakuwahi kuzaliwa, nikaongeza zoezi la sita kwa niaba ya sayansi. Kila siku ningeficha kitu kimoja cha bibi, naye akitafute.

Siku ya kwanza, mkasi. Bibi alivuta droo, akainama chini ya kitanda. Mara akasimama, akatazama boriti za dari.

"Wameanza," alisema.

"Nani, bibi?"

"Wenyewe. Nyumba hizi za zamani zina wenyewe, mjukuu wangu. Hawaonekani, lakini ukikaa nao vizuri wanarejesha."

Akatia ubani kwenye chetezo, akapita chumba hadi chumba, akiomba kwa adabu kama mtu anayeazima kibiriti kwa jirani. "Jamani, mkasi wangu. Nna kazi nao." Alipokuwa chumba cha pili, nikauweka kitandani kwake. Kisha nikaenda chooni kucheka, nimeuma taulo.

Zikafuata tasbihi, miwani na kanga mpya. Kila kitu kilifichwa, kikafukiziwa, kikarejeshwa. Bibi akawa mchangamfu.

"Unaona?" alinambia. "Nilidhani kichwa changu nshakimaliza. Kumbe ni wao."

Nilicheka, lakini si kama siku ya kwanza.

Alasiri moja nilimkuta ukumbini na chetezo mkononi. Siku hiyo nilikuwa sijaficha kitu.

"Kofia yangu," alisema. "Wanayo tangu juzi."

Moshi ulipanda polepole kwenye boriti. Madirisha yalikuwa yamefungwa kwa ajili ya jua, na nyumba nzima ilikuwa kama inatusikiliza.

Niliitafuta kimyakimya mpaka nikaipata ndani ya debe la mchele, imekunjwa vizuri, sindano imechomekwa. Upande mmoja maua mapya yalikwenda sawa. Halafu sindano ilikuwa imerudi palepale, tena na tena, uzi juu ya uzi, hata kitambaa kikawa kigumu kama ukucha.

Nilisimama jikoni nikiomba wenyewe wawepo kweli. Niliomba kwa moyo wote. Kisha nikaiweka kofia kitandani kama kawaida, na bibi akawashukuru.

Alhamisi tukarudi kwa Dokta.

"Nyumbani vitu vinapotea?" Dokta aliuliza.

"Vinapotea," bibi alijibu bila wasiwasi. "Lakini si mimi, ni wenyewe. Na wanarejesha. Muulize Ulfat, kaona kwa macho yake."

Dokta akanitazama, kalamu hewani. Nikinyamaza, bibi angerudi na wageni wake wasioonekana, na hakuna ambaye angejua kuwa anahitaji msaada zaidi. Nikisema, ningemfukuzia wageni hao na kumwacha peke yake na kile nilichokikuta kwenye mchele.

"Ni mimi," nilisema. "Mkasi, tasbihi, miwani, kanga. Nilificha mimi."

Bibi akavua kifaa cha sikio, akakikagua kama kimeharibika, akakirudisha.

"Mwanakharamu mkubwa wewe! Na mimi nnakwenda huku na huku kuyabembeleza maboriti!" Kicheko kikamtoka, kikakatika katikati. "Na kofia?"

Nilikuwa na uongo wa kutosha mdomoni, mzuri, uliopigwa pasi.

"Sema uliificha wewe," bibi alisema kwa sauti ndogo. "Sitakupiga."

"Hapana, bibi. Ilikuwa kwenye debe la mchele. Sikuiweka mimi."

Dokta akavuta kiti chake mpaka magoti yao yakakaribia kugusana, akachukua karatasi nyeupe.

"Umenisaidia sana leo, Bi Mardhiya. Vipo vipimo vyengine, na mpango wako tutaubadilisha uendane na hali yako. Nieleze siku yako, tangu unapoamka."

"Naamka," bibi alisema.

Tukasubiri. Nje vespa ilipita, ikapotea uchochoroni.

"Naamka," alisema tena. Akautafuta mkono wangu, akaubana mpaka pete yake ikaniumiza. "Mwambie wewe, Ulfat. Yote."

Nikaanza na alfajiri.