Sijawahi Kufundisha

Jumamosi alasiri, nyumbani kwake Macquarie Fields, Vénérand alisimama jikoni akiwa amevaa koti la suti juu na suruali ya sare ya kutunzia wazee chini, huku binti yake Armelle akitundika shuka jeupe ili friji isionekane kwenye picha. Tovuti ya walimu wa tuisheni ilitaka picha ya kichwa na kifua tu, kwa hiyo suruali haikuwa dhambi.

"Tabasamu, Baba."

"Natabasamu."

"Hapana. Unafanana na mtu anayesubiri majibu ya damu."

Vénérand alijitahidi. Kabla ya kuja Australia alikuwa amefundisha hesabu kwa miaka mingi katika shule ya kambi ya wakimbizi, mkoani Kigoma, na huko hakuna mwanafunzi aliyewahi kumdai tabasamu. Sydney ilimpa kazi ya kuwaogesha wazee na kuwalisha. Aliifanya kwa heshima. Lakini hakuna aliyemwita Mwalimu tena isipokuwa kanisani, na hata huko walimwita hivyo walipotaka abebe viti.

Armelle alikaa mbele ya kompyuta kwa uzito wa waziri anayesoma bajeti. Alizaliwa Sydney, na Kiswahili chake kilikuwa cha kusikia kuliko cha kusema.

"Sasa lazima ujiuze," alitangaza.

Vénérand alikohoa. "Mwanangu, neno hilo halisemwi mbele ya baba. Sema kujitangaza."

"Si ni kitu kimoja?"

"Si kitu kimoja. Wala havijawahi kuwa kitu kimoja."

Ukurasa ulifunguliwa kwa majaribio. Ili ubaki wazi, wanafunzi wake wa zamani watatu walipaswa kumtolea ushuhuda. Vénérand alijaribu kukumbuka walikotawanyikia. Baadhi walirudi Burundi, baadhi walikwenda Kanada wakabadilisha namba za simu. Wengine alijua vizuri sana walipo.

Jumapili, baada ya ibada katika ukumbi wanaoukodi Bankstown, Mama Candide alimwuliza Armelle habari za nyumbani.

"Baba iko sawa," Armelle alijibu. "Ameanza kujiuza mtandaoni."

Kama alisahau au alikusudia, hakuna ajuaye, kwa kuwa hakuna aliyefikiria kumwuliza. Mama Candide alishika kifua.

"Yesu wangu! Anauza nini hasa?"

"Hesabu."

"Ah. Hesabu," alisema Mama Candide, kwa nafuu iliyochanganyika na masikitiko kidogo.

Kesho yake alimpigia simu dada yake aliyeko Kasulu, maana habari kama hiyo hailali. Dada yake alikuwa shambani, pale palipokuwa na kambi aliyofundisha Vénérand kabla haijafungwa. Iliyokuwa shule sasa ilikuwa mihogo, na iliyokuwa zahanati nayo ilikuwa mihogo. Makaburi peke yake yaliachwa. Mtandao ulikuwa mbovu, kwa hiyo ilibidi apige kelele.

"Nani? Mwalimu Vénérand? Anajiuza? Nini? Hesabu? Sikusikii! Anafundisha tena?"

Watoto waliolala pembeni walisikia yote. Neno la kujiuza halikuwahusu. Neno la kufundisha liliwahusu.

Jioni iliyofuata, jua likizama nyuma ya reli na kasuku weupe wakigombana juu ya nyaya, Vénérand alifungua darasa lake la mtandaoni aone tu kama kamera inafanya kazi. Vijisanduku vya video vilifunguka kwenye skrini kimoja baada ya kingine.

"Shikamoo, Mwalimu!"

"Marahaba. Kaeni."

Walikuwa walewale, na umri uleule. Waliokufa kwa kipindupindu walikaa pamoja, na waliokufa kwa malaria walikaa popote. Nyuma ya kila mmoja palikuwa na udongo mwekundu. Ntwari aliingia wa mwisho.

"Ntwari, umechelewa."

"Ndiyo, Mwalimu. Mizizi ya mihogo imejaa njiani."

"Mihogo si sababu."

Armelle alipita na bakuli la tambi. Aliuliza, kwa Kiingereza, hao ni nani.

"Wanafunzi wangu wa zamani."

"Mbona wadogo?"

"Walikufa."

Armelle alimaliza kutafuna kwanza. "Wana barua pepe?" aliuliza, kwa sababu ushuhuda ulitumwa kwa barua pepe.

Katika kisanduku cha chini, pembeni, alikaa Ninahazwe. Alikuwa dada yake Armelle, na malaria ilimchukua akiwa na miaka tisa, kabla Armelle hajazaliwa. Kambini Vénérand alimfundisha pamoja na wengine, na tangu siku ya kwanza alimwekea sharti: nyumbani mimi ni baba, darasani mimi ni Mwalimu. Mtoto hakulivunja hata sasa. Alinyoosha kidole, akasubiri kuitwa, akajibu swali la hesabu za sehemu bila kukosea, akasema, "Asante, Mwalimu." Vénérand aligeuka akafuta ubao uliokuwa nyuma yake, ambao haukuwa umeandikwa kitu.

Walikuja kila jioni. Ninahazwe hakujua Kiingereza, kwa hiyo Armelle alilazimika kutoa Kiswahili alichokuwa amekificha maisha yake yote.

"Dada, wewe iko sawa?"

"Sema 'uko sawa'. Na ukae vizuri, mdogo wangu. Umejikunja kama kambale."

Armelle, mwenye miaka kumi na sita, alinyoosha mgongo. Vénérand alianza kubadilishana zamu kazini ili asikose darasa, na wazee aliowaogesha asubuhi walisema siku hizi anaimba.

Ushuhuda ulitumwa. Ntwari aliandika: "Mwalimu alinifundisha kugawanya. Mpaka leo nagawanya." Diane, aliyekaa siku zote na wenzake wa kipindupindu, aliandika: "Alinifundisha sehemu. Sikuwahi kuzitumia sana, lakini hilo si kosa lake." Ninahazwe aliandika: "Ni mwalimu mzuri. Hapendelei mtu."

Jibu lilitoka kwa mhudumu wa tovuti aitwaye Vanessa. Alishukuru kwa ushuhuda wenye kugusa moyo. Alieleza kwamba kufa kwa wanafunzi si kikwazo, kwa kuwa kampuni haibagui mtu yeyote. Kikwazo kilikuwa shule. Haikuwemo katika shule zinazotambuliwa, na mtu hawezi kuwa na wanafunzi wa zamani wa shule isiyotambuliwa. Vénérand aliandika kwamba kambi ilifungwa na shule imekuwa shamba. Vanessa alimpa pole. Njia ilikuwepo, aliongeza: wanaoanza kazi hawadaiwi ushuhuda. Achague tu mstari usemao "Sijawahi kufundisha", na ukurasa utabaki wazi. Asipochagua, utafungwa siku hiyohiyo.

Vénérand aliweka kidole juu ya kitufe.

"Baba, usibonyeze," alisema Armelle. "Ni uongo."

"Najua."

"Ulifundisha! Si wako pale? Si wewe mwenyewe uliwafundisha?"

"Ukurasa ukifungwa, watapitia wapi?"

Nje jirani alikuwa akiburuta pipa la taka hadi barabarani.

"Ni mstari mmoja tu," alisema Vénérand. "Nimewahi kutia sahihi mambo makubwa kuliko hili ili tupate kuja huku."

Alibonyeza. Ukurasa ulimpongeza, na chini ya picha yake pakaandikwa: Mkufunzi mpya.

Jioni iliyofuata vijisanduku vilifunguka kwa wakati uleule. Hawakusalimia kwa pamoja. Walisalimia mmoja mmoja, kwa sauti ndogo, kama wanafunzi wa siku ya kwanza. Ntwari alikuwa amewahi, kwa kuwa hakujua bado huyu ni mwalimu wa namna gani. Vénérand aliuliza nusu ya nane ni ngapi. Hakuna aliyenyoosha kidole. Diane aliuliza nusu ni nini.

Ninahazwe alimtazama. Darasani hakuwahi kuruhusiwa kumjua kama baba, bali kama Mwalimu tu. Na sasa, kwa mstari ule mmoja, Vénérand hakuwahi kuwa Mwalimu wake. Alimgeukia Armelle, aliyekaa pembeni ya ubao.

"Dada," alimwita, kwa sababu kati yao Armelle ndiye aliyeonekana mkubwa. "Huyo mzee ni baba yako?"

"Ndiyo," alisema Armelle.

"Anapiga watoto?"

"Hapana. Hapigi."

"Basi nitakaa," alisema Ninahazwe, akaweka mikono juu ya magoti.

Vénérand alisafisha koo na, kama afanyavyo mwalimu yeyote mgeni, akaanza kuwauliza majina yao.