Majina ya Viazi

Nazario Wamani alikuwa na uwongo mmoja tu maishani, lakini ulikuwa uwongo ulionona.

Kazi yake ilikuwa kuongoza wageni kwenye Mlima Yanaruku, ule unaosimama juu ya mji wa mawe walioujenga Wainka. Kila asubuhi aliwapandisha kwenye ngazi walizochonga wazee wa kale, mwendo wa saa tatu, wao wakihema kama waliofukuzwa na mbwa, yeye akipiga mluzi na kuwatania. Wakifika kileleni mji wote ulikuwa chini ya miguu yao: nyumba zisizo na mapaa, matuta yasiyolimwa tena, llama, wale wanyama wa mizigo wenye shingo ndefu, wakila nyasi kwenye ua wa mfalme, na mto ukiuzunguka pande tatu. Hapo Nazario alivaa poncho, joho la sufu la marehemu babu yake, akashika majani matatu ya koka, yale yanayotolewa sadaka kwa milima, kwa ncha za vidole, akayapulizia, akauita mlima kwa Kikechua, lugha ya wenyeji. Wageni walifumba macho. Wengine walilia. Mama mmoja wa Kanada alimwandikia baadaye kwamba siku ile maisha yake yalibadilika.

Maneno yaliyoyabadilisha maisha ya mama yule yalikuwa majina ya viazi.

Haikuanza kwa ubaya. Katika wiki yake ya kwanza kazini mgeni mmoja alimwomba awaombee dua kwa mlima, na Nazario hakuijua dua hata moja. Kwa aibu ulimi wake ukakimbilia shamba la mama yake: Ulimi wa Ng'ombe, Kiganja cha Puma, Pua ya Llama, Mliza-Mkwe. Hicho cha mwisho ni kiazi chenye manundu mengi kiasi kwamba bibi harusi akipewa na mama mkwe akimenye, analia. Kikechua kitamu sana kwa mtu asiyekijua. Wageni walifurahi, bosi akafurahi zaidi, na mwezi uliofuata picha ya Nazario ikabandikwa stesheni ya treni, kubwa kuliko mlango, ameinua majani mbinguni. Waongozaji wenzake waliokijua kisa hicho walicheka hadi wakashika mbavu, naye alicheka nao.

Kilichokuwa hakichekeshi ni kwamba babu yake, Mzee Eusebio, ndiye aliyekuwa mtambikaji wa kweli wa kijiji chao. Miaka hamsini alilisha milima na kuwaombea watu mvua, watoto na mifugo. Nazario alipotimiza miaka kumi na tano, mzee alimwita akae naye, amfundishe. Nazario akamjibu kwamba hayo ni mambo ya wazee waliokosa redio, akaenda mjini kujifunza Kiingereza. Mzee hakumwita tena. Alikufa mwaka juzi, na hakuacha mtu mwingine wa kuijua kazi hiyo.

Basi mwishoni mwa Julai, Nazario akiwa amekaa jikoni kwa mama yake anakula, mlango ukagongwa. Aliyeingia alikuwa Mama Saturnina, mjane wa upande wa pili wa korongo, kofia mkononi.

"Sikuja kwa Nazario wa matembezi," alisema kabla hata hajaketi. "Nimekuja kwa mjukuu wa Eusebio."

"Karibu mama. Kuna nini?"

"Nimekuona pale stesheni. Umevaa poncho ya mzee, umeinua majani. Nikasema, ehee! Kumbe mzee hakuondoka na elimu yake yote." Akaketi kwenye ngozi ya kondoo. "Rufino wangu. Tangu aende kule msituni kwenye machimbo ya dhahabu alikuwa anapiga simu kila Jumapili. Sasa ni miezi tisa, kimya. Wenzake wanasema hawajui. Polisi wanasema hawajui. Mimi sijui nimlilie au nimsubiri. Tarehe mosi hii nataka uniitie mlima."

Kila mtu wa milimani anaijua tarehe mosi Agosti. Ardhi hufungua kinywa siku hiyo, ina njaa, na anayeilisha husikilizwa. Ukiikosa, unangoja mwaka mzima.

Nazario alitakiwa kusema maneno mawili tu: mama, sijui. Alikuwa nayo mdomoni. Lakini mama yake mzazi, Basilia, alikuwa amesimama karibu na jiko, mwiko mkononi, anamtazama kwa fahari ambayo hajawahi kuiona usoni mwake tangu azaliwe.

"Tutapanda wote, mama," alisema Nazario. "Nina wageni siku hiyo, lakini tutapanda wote."

Asubuhi ya tarehe mosi walikutana getini. Wageni walikuwa wanne: daktari wa meno wa Uholanzi aitwaye Joost, mkewe, na dada wawili wa Australia waliocheka kwa kila kitu. Mama Saturnina alikuja na viatu vyake vya mpira wa tairi, mzigo mgongoni ndani ya kitambaa cha kufumwa. Mwongozaji mwingine, Hipolito, akapita na kundi lake, akapaza sauti kwa Kikechua:

"We Nazario! Leo unawapa viazi gani hao?"

Nazario akahisi masikio yanawaka moto.

"Anasema nini huyo kuhusu viazi?" aliuliza Mama Saturnina.

"Anauliza chakula cha mchana, mama."

"Mwambie nimebeba vya kuchemsha, na jibini. Vinamtosha na yeye."

Nazario hakumwambia. Akajifanya anafunga kamba za viatu.

Ndipo mama akatoa kifurushi kidogo cha kitambaa cheupe, akamkabidhi kwa mikono miwili. "Kumi na tano," alisema. "Nimechambua mfuko mzima siku tatu, macho yakaniuma. Koka ya mwaka huu yote imevunjikavunjika. Haya ndiyo mazima niliyopata. Matatu ya mlima, matatu ya ardhi, matatu ya mto, matatu ya njia aliyopita, na matatu ya Rufino mwenyewe. Yasikunjike, mwanangu."

Jani lililochanika halipewi mlima. Ni sawa na kumkaribisha mgeni kwa mkate ulioumwa. Hilo hata Nazario alilijua. Akakiweka kifurushi ndani ya koti, upande wa moyo.

Wakapanda. Mama Saturnina, miaka sitini na minane, alitangulia kama mbuzi, akisimama kwenye kila kona kuwangoja na kuwaangalia wageni kwa huruma. "Hawa hawajambo kweli?" aliuliza. "Yule mwanaume amekuwa wa bluu." Joost alimpungia mkono, naye akampungia. Nazario alitania kama kawaida yake, wale dada wakacheka kama kawaida yao. Mpango wake, kama unastahili kuitwa mpango, ulikuwa kuwamaliza wageni kwanza kwa viazi vyake, halafu abaki na mama peke yao, anung'unike chini kwa chini upepo uchukue maneno. Mama ataridhika. Rufino akirudi, sawa. Asiporudi, nani atajua?

Hatua mia chini ya kilele kuna uwanja mdogo wenye ukuta wa kale. Hapo akamwambia, "Kaa hapa mama, juu kuna upepo mkali. Nikishawamaliza hawa nitakuita, tufanye yetu kwa utulivu."

"Wewe ndiye unayejua," alisema mama, akaketi. Alimtii kama mtu anavyomtii daktari, na hilo lilimuuma Nazario kuliko kama angebisha.

Kileleni wageni walipiga picha za mji wa mawe hadi wakachoka, kisha wakakaa duara, wakangoja lile waliloahidiwa. Nazario akavaa poncho. Akafungua mkoba wake, akakuta chupa ya maji imevuja na koka yake yote imekuwa uji.

Wanne wale walikuwa wakimtazama, viganja tayari vimekingwa. Mke wa Joost alikuwa amefumba macho kabla hata hajaanza. Angeweza kuwaambia leo hakuna. Angeweza kuwachekesha, ndiyo kazi aliyoijua. Badala yake mkono wake ukaingia ndani ya koti, upande wa moyo, ukatoka na kifurushi cheupe.

Nitabakisha, alijiambia. Mlima hauhesabu.

Akagawa matatu kwa Joost, matatu kwa mkewe, matatu matatu kwa wale dada. Joost aliyanusa. Dada mmoja akayabana ndani ya daftari yawe kumbukumbu. Mwenzake akaweka moja mdomoni, akalitafuna, akakunja uso. Nazario akainua matatu yaliyobaki kuelekea mabonde, akapaza sauti ile ya picha ya stesheni.

"Ulimi wa Ng'ombe! Kiganja cha Puma! Ee Pua ya Llama!"

Mama Saturnina aliisikia sauti yake kutoka pale ukutani. Hakusikia maneno, alisikia wito tu, akafikiri mjukuu wa Eusebio ameanza na kwamba ameitwa. Akapanda zile hatua mia mbiombio, akavua kofia, akasimama nyuma ya wageni, kichwa ameinamisha, midomo inatajataja jina la mwanawe.

"Ee Mliza-Mkwe!" Nazario alilia kwa uchungu mkubwa. "Mliza-Mkwe mwekundu! Mliza-Mkwe mweusi!"

Kichwa cha mama kikainuka taratibu.

Macho yao yakakutana. Nazario akanyamaza katikati ya neno, mikono bado iko juu. Mama akamtazama yeye, akatazama daftari la dada yule na kikonyo cha jani kilichochomoza ukingoni, akamtazama mwingine anayetema vipande nyasini. Hakupiga kelele. Laiti angepiga. Nazario angetoa chochote alichonacho duniani ili mama yule ampige kofi mbele ya watu, yaishe.

"Yamebaki mangapi?" aliuliza kwa Kikechua.

"Matatu, mama."

"Lete."

Akamletea. "Mwombee Rufino kwa haya," alisema haraka haraka, "bado siku haijaisha, mama, haya ni mazima, mwombee mwenyewe, wewe unaweza..."

"Nimwombee wapi?" Sauti yake ilikuwa ya chini, kavu. "Umemtukana mwenyeji ndani ya nyumba yake, halafu mimi niingie mlango uleule nimwombe? Atanisikiliza? Babu yako angekuwepo angekuambia. Kwanza lazima mwenyeji atulizwe moyo."

Akapiga magoti. Akayapanga majani yale matatu vizuri, moja juu ya jingine, akayapulizia mara tatu kuelekea kilele, na akasema, kwa sauti ya mtu anayezungumza na jirani aliyekosewa:

"Mzee Yanaruku, baba yetu. Huyu ni Nazario, mwana wa Basilia, mjukuu wa Eusebio aliyekulisha miaka hamsini. Amekuchezea. Usimwangushe njiani, usimkaushie mama yake shamba. Msamehe. Hakufundishwa."

Akainua jiwe, akayaweka majani chini yake, akalirudisha. Basi. Jina la Rufino halikutajwa. Majani yalikuwa yamekwisha, na Agosti mosi nyingine ilikuwa mbali mwaka mzima.

Nazario alisimama pale ndani ya poncho isiyo yake. Neno lililomchoma zaidi ni lile la mwisho. Hakufundishwa! Mama yule alimtetea kwa hilo mbele ya mlima, na haikuwa kweli. Aliitwa afundishwe, akacheka.

Wageni wakapiga makofi. Mke wa Joost alikuwa anafuta machozi. "Nzuri sana," Joost alinong'ona. "Mama huyu, amesema nini?"

Jibu lilikuwa tayari, lile la kila siku: amewaombea safari njema na afya. Nazario alifungua mdomo alitoe, likakataa. Akavua poncho. Akasema kwa Kiingereza chake kizuri:

"Ameuomba mlima radhi kwa ajili yangu. Mimi sijui dua yoyote. Siku zote huwa ninawatajia majina ya viazi."

Dada wa daftari akapasuka kwa kicheko. "Viazi!" Mwenzake akadakia, akacheka hadi akajishika mbavu. Joost akatikisa kichwa akicheka, akampiga Nazario begani, "Ah, wewe bwana, hadi hapa!" Asubuhi nzima alikuwa amewachekesha, wangejuaje kwamba utani umekwisha?

"Hapana, sikilizeni," alisema Nazario. "Mwanawe amepotea, na majani niliyowapa..." Lakini walikuwa wanachekana wenyewe kwa wenyewe, hawakumsikia.

Mama Saturnina alikuwa anafunga mzigo wake. Hakujua neno hata moja la Kiingereza. Aliona tu kijana amesema jambo, na watu wanne wanacheka huku wakimtazama yeye, na magoti yake bado yana udongo. Akavaa kofia, akashika njia ya kushuka.

Nazario akamkimbilia, akamfikia kwenye ngazi ya kwanza.

"Mama, nimewaambia ukweli. Naapa kwa mama yangu, nimewaambia ukweli wote!"

Mama akasimama. Huko juu kicheko kilikuwa bado hakijaisha.

"Mwanangu," alisema, bila hasira, kama mtu anayetaka kuelewa. "Ni ukweli gani unaochekesha hivyo?"

Akapangusa udongo magotini. Kisha akaendelea kushuka.