Orodha kwenye Ukuta wa Posta

Kila Ijumaa, mjumbe wa posta alipokwisha kuingia mjini kutoka Veracruz, Nicanora alikuwa akiuegemeza ufagio wake nyuma ya mlango wa Ghala la Nafaka, akajitanda shali na kuuvuka uwanja mkuu. Alipita mbele ya Forodha, ambako nyumbu walisimama na mizigo migongoni wakingoja kukaguliwa, kisha chini ya matao ya Baraza la Mji, hadi kwenye ukuta wa Nyumba ya Posta palipobandikwa majina ya watu wenye barua. Huu ulikuwa mwaka wa tatu tangu askari walipomkamata Fermín, mwanawe wa pekee, wakampeleka jeshini. Katika chumba chake nyuma ya ghala hapakusikika tena sauti ya mtu, ila kikohozi chake mwenyewe.

Nicanora hakujua kusoma. Aliyemsomea ni Don Eusebio, mwalimu mstaafu, mtu wa utaratibu. Kwa kuwa majina yalipangwa kialfabeti kufuata jina la kwanza la ubatizo, mzee huyo hakupoteza muda: alivaa miwani, akaenda moja kwa moja kwenye herufi N, akashuka kwa kidole kutoka Narciso hadi Norberto, kisha akatikisa kichwa. Nicanora alimshukuru na kurudi kufagia.

Ijumaa moja ya Septemba Don Eusebio hakuonekana; homa ilikuwa imemlaza kitandani. Ikabidi Nicanora amwombe mwendesha nyumbu mmoja aliyekuwa akingoja zamu yake Forodha, jina lake Crisanto.

"Kusoma najua, mama, ila nasoma kama nyumbu wangu anavyopanda mlima," alisema Crisanto. "Kama una haraka, katafute padri."

Nicanora hakuwa na haraka. Hakuna aliyekuwa akimngoja.

Crisanto, aliyejifunza kusoma ukubwani, hakujua kuruka. Alianza na Agapito wa juu kabisa, akalitamka kila jina. Walipofika kwenye M walikuta akina María zaidi ya thelathini, kwa maana katika mji ule hakuna msichana aliyebatizwa bila jina hilo, na ni wachache mno walioitwa kwalo.

"María Micaela. María Nicanora Tecuapa. María Nieves..."

"Rudi nyuma," alisema Nicanora.

"Ndiye wewe huyo? Si uliniambia Nicanora?"

"Padri aliniita María siku ile moja tu. Baadaye hakuna aliyeniita hivyo tena, hata marehemu mama yangu."

Dirishani karani alimpa barua. Nicanora alipouliza kama zilikuwapo nyingine, karani alifungua daftari akaonyesha mistari minne. Kila barua ilikaa miezi sita bila mwenyewe kutokea, ikachomwa uani kama kanuni ilivyotaka. Alieleza hayo kwa upole, kisha akamwita mtu aliyefuata.

Crisanto alimsomea chini ya matao ya Baraza. Fermín alikuwa ameumia mguu, jeshi limemwachilia, naye anabeba mizigo bandarini Veracruz. Mwisho aliandika hivi: "Hii ni barua ya tano, mama. Usiponijibu hadi Pentekoste, nitajua umekufa. Nitakutolea misa, kisha nitapanda meli kwenda Campeche, maana huku sina mtu."

Pentekoste ilikuwa imepita miezi mitatu. Mahali fulani padri alikwisha kulisoma jina lake pamoja na majina ya wafu.

"Wanaosomewa misa wakiwa hai huishi miaka mingi, mama," alisema Crisanto. Nicanora hakucheka. Aliuliza kama Campeche kuna Nyumba ya Posta. Crisanto akamjibu kwamba hakuna bandari isiyo nayo.

"Basi niandikie. Weka jina lake lote la ubatizo, José Fermín. Mwambie mimi ni mzima, nafagia palepale ghalani."

Crisanto alisita. "Mama, mtu aliyekwisha kumzika mama yake, ataenda kutazama orodha kutafuta nini?"

Nicanora aliutazama ukuta wa Posta, ambako watu walikuwa bado wakisukumana.

"Huko Campeche nako huzichoma baada ya miezi sita?"

"Kanuni ni ileile."

Alihesabu kwa vidole, polepole. "Basi Februari nitatuma nyingine, kabla hii haijachomwa. Andika."