Kibao cha Tatu Kutoka Kushoto

Kwa mamlaka niliyojipa mwenyewe, mimi Editruda Kokugonza, mwanafunzi wa kidato cha tatu na mwenyekiti wa Klabu ya Historia katika shule ya bweni ya wasichana ya Mtakatifu Klotilda, nautangazia umma wa mji wa dhahabu wa Nyabuleka kwamba leo nimevuka mpaka wa dunia hii, nimetembea katika nchi isiyo na ramani, na nimerudi na ujumbe mzito. Kuna maelezo machache tu ya kuongeza. Mpaka huo nimeuvuka nikiwa nimelala ndani ya simba wa kitambaa, saa nane mchana, baada ya kula masikio kumi na saba. Na huo uenyekiti ni adhabu niliyopewa na matroni baada ya kengele ya shule kupatikana kisimani.

Masikio ni vifuko vidogo vya unga vilivyojazwa nyama na vitunguu, vikakunjwa vikafanana na sikio la mtoto, na hupikwa kila Jumamosi katika Makumbusho ya Urithi wa Wachina, nyumba ndefu ya bati yenye mlango wa duara, ambako klabu yangu tukufu hupelekwa kufagia. Nyumba hiyo ni ya watoto na wajukuu wa wachimbaji waliokuja hapa zamani kufuata dhahabu wakaishia kufuata wasichana wa Kisukuma. Hawajui Kichina. Wanakuja kukunja masikio, kucheza mchezo wa vigae, kumshona simba wa sherehe, yule wa kitambaa anayechezwa na watu walioingia ndani yake, na kubishana ni nani aliyemrarua mkia. Ukutani kuna rafu, na juu yake vibao saba vya mbao, kila kimoja na jina la mchimbaji aliyefia hapa. Majina hayasomeki. Kwa miaka zaidi ya sabini vijiti vya udi vimechomwa chini yake, na vibao vimekuwa vyeusi kama sufuria ya bweni. Wataalamu walikuja na kamera zao wakaondoka wakitikisa kichwa. Kuvisugua ni mwiko, maana masizi yale, wanasema, ni salamu zote ambazo wazee wale wamewahi kupewa, na nani atathubutu kufuta salamu. Kwa hiyo kila mtu anamjua mzee wake kwa nafasi yake. Cha tatu kutoka kushoto ni Wong, baba yake Bi Rozalia. Cha tano ni Leung, babu yake Mzee Damiani, msimamizi wa makumbusho, ambaye Jumamosi iliyopita alitamba mbele yetu kwamba babu yake anamjua hata akifungwa kitambaa machoni. Mimi ni mtu wa sayansi. Leo asubuhi nimepanda juu ya kiti cha plastiki nikabadilisha cha tatu na cha tano. Mzee Damiani ameingia, amevua kofia, amesema shikamoo babu, kisha amemsimulia Mzee Wong habari zote za mguu wake unaouma, na dawa, na jinsi dawa isivyosaidia, huku mimi nyuma ya pazia nikiing'ata kola ya shati langu nisipasuke kwa kicheko. Ilikuwa kazi nzuri, nasema bila majivuno. Kisha Bi Rozalia ameingia na kitenge cha safari na kitambaa chekundu, akasema, jamani, viza imetoka, gari linakuja saa kumi, nampeleka baba kwao. Ana miaka sabini na tisa. Baba yake alifukiwa na shimo yeye akiwa tumboni, mifupa haikupatikana, na kitu alichoachia watu ni ombi moja, arudishwe nyumbani. Kibao ndicho kilichobaki cha kurudishwa. Nimetaka kukirudisha mahali pake papo hapo, lakini wanawake sita wameshaweka mkeka chini ya rafu, wanakunja masikio, hawaondoki. Nikala ili nionekane wa kawaida. Nikaingia ndani ya simba ili nisubiri wainuke.

Ndani ya simba kuna giza jekundu na harufu ya gundi. Nafumba macho nipange mkakati, na mkakati unakuwa barabara. Ni barabara ya vumbi, na mwisho wake kuna mlango wa duara, na nikiuvuka kuna barabara nyingine yenye mlango wa duara, na kandokando ni mashimo ya wachimbaji yaliyojaa maji, na ndani ya kila maji kuna mji. Ni Nyabuleka hiihii, mapaa chini, miguu juu, mama wa chapati anapindua chapati yake kuelekea ardhini na haidondoki. Naendelea kutembea na natambua kwamba mimi ndiye niliye majini na mji ule wa juu unanichungulia. Sishangai. Mbele yangu anatembea mtu mwenye kofia pana ya mianzi na karai la kuoshea dhahabu, na anapogeuka naona hana uso, pale mahali pa uso ni laini kama sabuni iliyotumiwa na bweni zima. Nimelelewa vizuri, kwa hiyo nasema, shikamoo mzee. Haitiki. Anauliza, unamwamkia nani. Nasema, wewe. Anasema, na mimi ni nani. Nasema, mzee wangu, mimi ni mgeni huku, labda tuulize kwa mjumbe. Anasema, mimi ni yule aliyeamkiwa asubuhi wala hakuwa yeye. Kutoka nyuma yangu sauti nyingine inasema, na mimi ni yule aliyekuwa yeye wala hakuamkiwa. Nageuka, wa pili naye ni sabuni tupu. Nawaambia kwa heshima kubwa kwamba hilo fumbo ni gumu. Halina ugumu, anasema wa pili, umelitunga mwenyewe.

Tunakwenda, mmoja mbele na mmoja nyuma, na mimi katikati kama mwanafunzi anayepelekwa kwa mkuu wa shule. Nauliza, tunaelekea wapi. Nyumbani, anasema wa mbele. Ni mbali? Kwa anayejulikana ni hatua mia. Na kwa asiyejulikana? Ni hatua mia vilevile, lakini mlango hauna habari naye. Nahesabu hatua, nafika tisini na tisa, halafu sitini, halafu tisini na tisa tena, na barabara haijali hesabu zangu, kama vile mwalimu wangu wa hisabati. Mashimo yanakuwa majaruba ya mpunga, bata wanapita kwa mstari, na nyumba zile za huko mbali zina mabati yetu na kamba zetu za kuanikia nguo. Mlangoni amesimama bibi mdogo kwa umbo, bakuli mkononi, mvuke unapanda. Mchimbaji wa mbele anavua kofia yake. Bibi anamtazama, anamtazama sana, bila hasira yoyote. Karibu maji, mgeni, anasema. Mimi si mgeni, anasema mchimbaji. Bibi anasema, mwanangu ana kovu kwenye nyusi ya kushoto, aliangushwa na nyati wa kulimia akiwa na miaka sita, nililia mimi kuliko yeye. Mchimbaji anainua kidole anagusa pale nyusi ingekuwa. Panateleza. Bibi anampa maji kwa kikombe, anasubiri ayamalize, anapokea kikombe kwa mikono miwili, kisha anarudi ndani na lile bakuli, na mlango anauacha wazi kidogo, kwa ajili ya mtu mwingine. Wa nyuma ananiinamia sikioni. Dada mdogo, anasema, hapa ndipo nyuma ya pazia, sasa cheka. Nakitafuta kile kicheko cha asubuhi, nakitafuta kila mahali, na sijui nimekiweka wapi.

Nasema, nirudisheni. Hakuna anayenirudisha, mlango wa duara unakuja wenyewe, na nikiuvuka niko ukumbini. Wanawake sita wamesinzia, mikono ndani ya unga. Mzee Damiani amelala na kigae kimoja hewani. Nausogeza mkeka kidogo, naweka kiti cha plastiki, napanda, nakishika cha tatu, nakishika cha tano, mbao zina joto kama mtu aliyetoka kulala. Nabadilisha. Nashuka, na wale wawili wamesimama chini ya rafu wana nyuso, nyuso za kawaida kabisa, za watu waliochoka, na mmoja ana kovu kwenye nyusi. Hawashukuru. Nenda, saa kumi hiyo, anasema mwenye kovu, nami narudi ndani ya simba, nalala, nafumba macho.

Honi inapigwa nje. Natoka ndani ya simba. Wanawake wanakunja masikio, vigae vinagongwa mezani, mtu anabishana kuhusu mkia. Kiti cha plastiki kipo chini ya rafu. Je, nilikiacha pale asubuhi? Nakumbuka nikikirudisha jikoni, halafu nakumbuka sikukirudisha. Mkeka umesogea, au ndivyo ulivyokuwa. Viganja vyangu ni vyeusi kwa masizi, lakini ya asubuhi au ya sasa hivi? Ikiwa vibao nimevirudisha kweli, basi nikivigusa tena naharibu. Ikiwa nimevirudisha ndotoni tu, basi nikinyamaza Bi Rozalia anavuka bahari na babu wa mtu mwingine. Na ameshakishusha cha tatu. Anakifunga kwa kitambaa chekundu, taratibu, kama anayemvisha mtoto sweta, na anakiambia, baba, huko kutakuwa na baridi, usiseme sikukuambia.

Kisha ananitazama mikono. Mjukuu wangu, hayo masizi umeyatoa wapi? Natayarisha uongo wa daraja la kwanza. Jikoni, Bibi, nasema, nilikuwa nasaidia kuchochea. Mzee Damiani anasema bila kuinua macho kutoka kwenye vigae vyake, jikoni tunapikia gesi.

Basi nasema. Nasema yote, pazia, kola, sayansi, kiti, na bibi wa bakuli. Mzee Damiani anauliza polepole, kwa hiyo ule mguu wangu nilimsimulia nani? Baba yangu, anasema Bi Rozalia. Mmoja wa wanawake wa mkekani anachekea puani, anajifuta kwa mkono wenye unga. Wengine hawacheki. Bi Rozalia anakaa kwenye kile kiti. Ulivirudisha au hukuvirudisha? Sijui, Bibi. Niliota nimevirudisha, au nilivirudisha nikadhani naota. Sasa hivi uko macho? Nalitafakari hilo kwa uaminifu wote nilio nao. Nadhani, Bibi.

Dereva anapiga honi tena. Mzee Damiani anasimama, mguu ule unamsumbua, anakwenda kwenye rafu, anakishusha cha tano. Anavua koti lake anakifunga nalo, anafunga mikono ya koti kwa fundo. Nenda nao wote wawili, anasema. Walitoka kijiji kimoja, njia ni ileile. Bi Rozalia anasema, Damiani, Jumamosi utamwamkia nani? Anazitazama nafasi mbili zilizobaki kati ya vibao vitano, na ukuta uliokuwa nyuma yake ni mweupe, hatujawahi kuuona. Pale pale, anasema. Nitaamkia pale pale. Halafu anapiga kofia yake kwenye goti, anasema, na babu hajawahi kupanda ndege, umkalishe dirishani.

Wote wawili, anasema Bi Rozalia, kwa kuwa sijui yupi ni yupi. Anaviweka mezani, kitambaa chekundu na koti la kijivu, bega kwa bega, anauondoa unga kwa kiganja. Mimi nimeshakusikia, ananiambia. Si mimi uliyenichezea. Waambie wenyewe, na usiwacheleweshe, wana safari.

Napiga magoti. Nimewahi kuhutubia shule nzima juu ya faida za kunawa mikono, nikapigiwa makofi. Nyuma yangu ukumbi wote umesimama, na sithubutu kugeuka nione kama wana nyuso. Naweka viganja vyangu vyeusi juu ya meza ili vionekane.

Shikamooni, nasema. Naitwa Editruda. Mimi ndiye niliyewabadilisha.