Kitufe cha Duka Langu

Kaka yangu tunamwita Mwenyekiti tangu utotoni, maana hata tukicheza kujificha ilikuwa lazima yeye apange nani ajifiche wapi. Sasa ni mtu mzima mwenye kitambi chake, na asubuhi hiyo, sebuleni kwa Mama, alitaka kupanga mpaka mtandao wa duka langu.

Nasema langu, ingawa maduka yote ya dawa ni ya Mama. Kaka anasimamia lile kubwa la mjini, mimi nasimamia lililo mkabala na hospitali. Mtandao ulikuwa umetuchosha. Kila ukibadilisha kitu, fundi azunguke duka hadi duka kugusa ruta moja moja! Basi tukakubaliana kununua mfumo wa kisasa, ambao programu ndiyo inayoziamuru ruta zote. Ila ilikuwepo mifumo miwili. Mmoja unaendeshwa kutoka ofisi moja tu. Mwingine unaliachia kila duka funguo zake, lijiwashie na kujizimia lenyewe. Kaka aliutaka ule wa kwanza, na ofisi hiyo moja, eti, ni ya kwake.

"Unarahisisha kazi," akasema. "Acha wivu, mdogo wangu."

"Wivu? Unataka kunikalia kichwani, sema tu!"

Mama, ambaye ndiye mwamuzi, alikuwa kwenye kochi anafuta miwani. Muuzaji wa mifumo, aliyekuja kutuonyesha yote miwili, akaona biashara inamponyoka, akafungua kompyuta haraka haraka. Mfumo wa kwanza alikuwa ameshaufunga kwa majaribio kwenye maduka yetu yote. Majina yakajipanga kwenye kioo, kila duka na kitufe chake.

"Ukibonyeza hapa, duka linatoka kwenye mtandao," akasema. "Ukibonyeza tena, linarudi."

Kaka akanyoosha kidole. Duka lake lilikuwa la juu kabisa. Akalipita, akashuka mpaka kwenye langu, akabonyeza.

Haikupita muda simu yangu ikaita. Alikuwa mfamasia wangu. "Dada, mtandao umekufa! Rekodi za wagonjwa hazifunguki, na hapa kuna mama ana mtoto anachemka homa!"

"Rudisha!" nikamfokea kaka.

"Tulia basi, naangalia kwanza." Na alikuwa anatabasamu. Jamani, anatabasamu! Damu ikanichemka mpaka masikio yakawa yanavuma.

Muuzaji ndiye aliyelirudisha duka, huku jasho likimtoka.

"Kwa nini umebonyeza la mdogo wako?" Mama akauliza.

"Nilikuwa najaribu tu, Mama."

"Ungejaribu lako."

Kaka akakuna shingo. Nilikuwa nimeshinda, lakini hasira haikushuka hata kidogo. Nilitaka na yeye aonje. Mama akanisogezea kompyuta.

"Haya, na wewe jaribu."

Sikufikiri. Kidole kilipanda moja kwa moja mpaka kwenye duka la kaka, na kabla sijabonyeza Mama akanidaka mkono. Aliubana kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo, akanitazama kwa jicho lile lile alilomtazama nalo kaka.

"Tunachukua ule mwingine," akamwambia muuzaji. "Na hizo funguo uwape wafamasia. Wanangu hawa, wote wawili, siwaamini."