Kijiko cha Bango la Katumba

Bango la zamani lilikuwa na maneno mia nne na kumi na mawili. Fausta aliyahesabu mwenyewe, kwa hasira, siku aliyokabidhiwa kazi ya kulitengeneza upya. Maneno yote hayo ya kumweleza mama jinsi ya kumnywesha mtoto anayeharisha, na chini kabisa, pembeni, kijiko kilichochorwa kidogo kama njiti ya kiberiti. Sasa nani angesimama kulisoma, na mtoto anaharisha mgongoni?

Alifuta karibu yote. Akabakiza chupa ya lita moja ya maji yaliyochemshwa, nusu kijiko cha chumvi, na vijiko sita vya sukari. Kijiko cha chumvi akakichora kikubwa kuliko vyote, kirefu kama mkono wa mtu mzima kuanzia kiwiko, ili hata bibi aliyekaa nyuma kabisa akione. Pale ofisi ya mradi wa afya, Kashaulili mjini, walimpigia makofi. Bosi wake, Bwana Erasmus, mtu asiyesifu hata chakula cha harusi, alilitazama kwa muda mrefu akasema, "Sasa hili ndilo bango."

Ilibaki kulijaribu. Nakala moja ilitundikwa Katumba, makazi ya Warundi waliokimbilia huko zamani, kwenye banda lao la tumbaku. Fausta alikwenda siku hiyo, akalieleza mbele ya akina mama arobaini, akauliza, "Mmeelewa?" Wakaitika kwa pamoja, "Ndiyooo!" Basi. Alisaini fomu kwamba bango limejaribiwa na limeeleweka, akapanda gari akarudi mjini. Kazi nzima haikuzidi robo saa, na alijisikia mchapakazi kweli kweli.

Wiki tatu baadaye, Jumatano, Bwana Erasmus alikuwa anasafiri kwa treni ya mchana kwenda Tabora na michoro yenyewe, ikachapwe nakala elfu nne za kusambazwa vijijini kote. Asubuhi hiyohiyo Fausta alitumwa Katumba kuichukua ile nakala ya majaribio. Safari ya kufuata karatasi tu, hata hakuifurahia.

Ulikuwa msimu wa kupanga madaraja ya tumbaku. Ukutani mwa banda yalipigiliwa majani ya mfano, la daraja la kwanza, la pili, la tatu, na kila mkulima alileta jani lake na kulilaza juu ya la mfano. Likilingana, ndilo daraja lake. Lisipolingana, linashuka, na hakuna ubishi. Msimamizi alikuwa Specioza, mama mnene mwenye sauti ya kuamrisha, aliyeijua tumbaku kuliko wanunuzi wenyewe. Bango la Fausta lilining'inia palepale, katikati ya majani.

Fausta alilisogelea, akanuna. Kijiko cha chumvi kilikuwa kimejaa mafuta na masizi.

"Nani amelichafua hivi?"

"Kulichafua wapi, mwalimu?" Specioza alicheka. "Hapo ndipo tunapimia. Kila mama analeta kijiko chake, analaza hapo juu, anaona kama ndicho."

Fausta alimgeukia. "Naomba nikione hicho mnachopimia."

Specioza alichukua upawa wa kupakulia maharage, akaulaza juu ya mchoro. Mpini juu ya mpini, kichwa juu ya kichwa. Ulienea sawasawa, kana kwamba Fausta aliuchora huo.

"Vijiko vya chai tulivijaribu mwanzo," alisema Specioza, akijivunia uangalifu wao. "Vikapotea kabisa humo ndani. Tukasema hapana, sivyo hivi."

"Na sukari?"

"Sukari ya kujaza sita ataipata nani? Tunatia kidogo. Chumvi ndiyo tunatia kama ulivyochora."

"Nani amemnywesha mtoto?" Fausta alimshika mkono. "Mama Specioza, nani ameshamnywesha mtoto?"

"Imakulata. Mtoto wake Yohani anahara tangu juzi. Jana nilimwona hapa akipima."

Fausta alitoka mbio akiuliza nyumba ni ipi. Specioza aliona uso wake tu, akamtangulia akikimbia na upawa wake mkononi.

Walimkuta Imakulata kizingitini, kikombe mkononi, akimbembeleza mtoto wa mwaka mmoja na nusu anywe. Yohani alikuwa analia bila machozi. Midomo ilikuwa imepasuka, na kila kikombe kilipokaribia alikidaka kwa kiu, akaonja, akakisukuma. Fausta alikipokea akaonja. Alitema palepale, kisha akamwaga yote chini.

"Mwalimu!" Imakulata alishtuka. "Hiyo ndiyo dawa yake!"

"Usimpe tena. Mnyonyeshe. Mnyonyeshe huku tunakwenda, twende zahanati."

Nesi wa zahanati alimpima mtoto, akasikiliza habari ya upawa, akamtazama Fausta mara moja tu. Jicho lile lilitosha. "Atapewa maji kidogo kidogo," alisema. "Siwezi kukuahidi kitu." Specioza alikuwa ameshageuka, anakwenda kuwatuma wanawake nyumba kwa nyumba wamwage chupa zote na kulishusha lile bango.

Saa ya ukutani ilisema saa nane na nusu. Treni ingepita stesheni ya Katumba saa tisa, isimame dakika chache, iende zake na vijiko elfu nne.

Na hapa tuseme ukweli, Fausta alisitasita. Fomu ilikuwa na saini yake. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi ule, na Bwana Erasmus alishamdokezea habari ya ajira ya kudumu. Angeweza kunyamaza leo, akaomba marekebisho kesho kwa barua nzuri. Aliwaza hivyo akimtazama Yohani anavyolamba kijiko cha maji. Kisha akauchukua upawa alioacha Specioza mezani, akatoka mbio.

Alifika treni imeshasimama. Bwana Erasmus alikuwa dirishani, daraja la pili, anamenya karanga.

"Bosi, nipe michoro! Bango lina kosa, linaua watoto!"

"Punguza sauti, Fausta. Mchapaji ananingoja kesho. Kosa tutalirekebisha toleo la pili."

"Nimemwacha mtoto zahanati sasa hivi!"

"Fomu umesaini wewe! Si uliandika wameelewa?"

"Nilidanganya!" Vichwa vilichomoza madirishani. Aibu ilimchoma mpaka masikioni, lakini hakuacha. "Niliwauliza mmeelewa, wakasema ndiyo, nikaondoka. Sikumwona hata mmoja akichanganya!"

Alipanda behewani akisukumana na wanaoshuka, akalivuta bomba la plastiki lenye michoro lililokuwa miguuni pa bosi, akautandaza mchoro juu ya magoti ya watu. Akaulaza upawa juu yake. Filimbi ya kwanza ikalia.

Bwana Erasmus aliutazama mchoro, akautazama upawa. Alifungua mdomo ili abishe. Mama mmoja aliyekaa mkabala naye, ambaye wala hakuwa anajua wanagombania nini, aliinama akachungulia. "Ehe," akasema, "hata mimi nyumbani nina upawa kama huu uliochorwa."

Filimbi ya pili. Treni ikajikung'uta.

"Shuka," alisema Bwana Erasmus kwa sauti ya chini, akimsukumia ile michoro kifuani. "Shuka nayo. Nitakachowaambia wafadhili sijui, na kazi yako sijui kama utaikuta."

"Najua, bosi."

Aliruka, akayumba, akabaki amesimama kokotoni na michoro yake hadi behewa la mwisho likapita. Kisha akarudi zahanati, akiogopa kusikia kilio.

Hakukuwa na kilio. Yohani alikuwa amelala begani mwa mama yake, khanga imelowa mkojo, na nesi alikuwa anaushangilia ule mkojo waziwazi, dalili kwamba maji yamerudi mwilini. Imakulata aliinua macho mekundu.

"Nisamehe, mwalimu. Niambie nilikosea wapi. Nilipima mara mbili."

Fausta alikaa chini sakafuni, miguuni pake, akalia. "Hukukosea, Mama Yohani. Ulipima sawa kabisa. Mimi ndiye niliyechora vibaya."

Alipotulia, alimwomba nesi kijiko cha chai, penseli, chupa ya maji yaliyochemshwa, chumvi na sukari. Aligeuza ule mchoro upande wa nyuma, mweupe, akakilaza kijiko juu ya karatasi, akampa Imakulata penseli azungushie ukingoni. Kilitokea kijiko kidogo, ambacho bibi aliyekaa nyuma kabisa asingekiona. Angelazimika kusogea karibu.

Mdomoni lilimjia swali lake lile la siku zote, umeelewa, akalimeza. Badala yake alisukuma chupa, chumvi na sukari mbele ya Imakulata.

"Nichanganyie," alisema, akakaa kutazama.