Petroli ya Buluu

Jumanne saa mbili asubuhi Dobrinka alipanda ndege yake ya kunyunyizia dawa mashamba, akawasha injini, na ndege ikatoka uwanjani kwa kupitia lango. Ilishika barabara ya lami, ikakaa upande wa kulia, ikasimama kwenye kivuko kumpisha bibi mmoja na mbuzi wake. Dobrinka alivuta usukani hadi kiuno kikamuuma. Magurudumu hayakuachana na ardhi.

Kijiji kizima kilijua sababu. Stamen, mtunza ghala, alikuwa akiwauzia wenye magari petroli ya ndege, ile ya buluu yenye madini ya risasi, isiyogeuka mvuke upesi kwenye hewa nyepesi ya juu. Pengo kwenye tangi la ndege alilijaza kwa petroli ya magari. Na petroli haisahau kazi yake.

"Mzee Stamen, umenitilia nini humu?"

"Petroli, binti yangu. Inanuka, inawaka. Ulitaka divai?"

"Wadudu wamo kwenye ngano! Zimebaki siku tatu!"

"Basi wafuate kwa barabara."

Stamen hakuwa mtu mkali. Alikuwa mwizi mwenye tabasamu zuri, na hao ndio wanaochosha.

Alasiri gari la padri wa Kiorthodoksi liliinuka mbele ya duka la mikate, likapita juu ya mnara wa kanisa. Mkewe alimwaga maji nyuma yake, kama anavyomwagiwa kila anayeanza safari, ila ilibidi apande ngazi.

Kufikia Alhamisi magari kumi na moja yalikuwa hewani. Dobrinka aliyafungia magari hayo mabomba yake ya dawa, akasimama katikati ya shamba akipunga kitambaa.

"Shuka, baba padri! Shuka zaidi! Dawa inapeperukia nyuki wangu!"

Ngano ikapona. Dobrinka alicheka mpaka akakaa chini, kisha akalia kidogo, maana yeye ndiye aliyekuwa chini.

Jumapili kijiji kilimpa Stamen mkate na chumvi, kama mgeni wa heshima, kwa kuokoa mavuno, pamoja na ufunguo wa tangi la pili. Dobrinka, aliyekuwa rubani kwa miaka kumi na minane, hakusahauliwa. Meya alimkabidhi leseni ya udereva.

"Mzee Stamen, lita ishirini tu za buluu. Nizunguke mara moja."

"Imekwisha, binti yangu. Wenye magari wanaigombania."

Dobrinka akawasha ndege, akafika njia panda, akatazama kushoto, akatazama kulia. Halafu akatazama juu, akawasubiri majirani wapite.